Hukumu Juu ya Pampu Inayovuja

Katika vyombo vyote vya motokaa hapana kinachohukumiwa kwa haraka na kutetewa kwa nadra kama pampu ya dizeli. Motokaa kuukuu huamka asubuhi na doa la mafuta chini yake; mwenyewe huipeleka gereji; boneti hufunuliwa; mtu huinama, hutazama kwa muda mfupi kuliko ule wa kufunga kamba za viatu, kisha hutamka maneno mawili: pampu imekufa. Baada ya tamko hilo hapana rufani. Mwenye motokaa haulizi ushahidi, huuliza bei. Na bei ya pampu mpya, kwa mtu anayeendesha motokaa ya miaka thelathini kwa kuwa hana uwezo wa kununua ya miaka kumi, aghalabu ni bei ya kuiacha motokaa uani mpaka majani yaote kati ya magurudumu yake.

Hukumu hiyo mara nyingi ni ya uwongo. Kilichokwisha ni pete ya mpira, kitu ambacho mtu aweza kukiweka juu ya kidole, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya pampu. Kusema kuwa pampu imekufa kwa sababu pete yake imechakaa ni sawa na kumwita mtu maiti kwa sababu kifungo cha kanzu yake kimeanguka. Hapana azikwaye kwa kifungo. Lakini pampu huzikwa hivyo, na wazikaji wake si wajinga watupu. Wamo miongoni mwao watu waliosoma, ambao wangeona haya kukubali madai ya namna hiyo katika mjadala wa jambo lingine lolote.

Yafaa kwanza kitu chenyewe kijulikane. Pampu inayosemwa hapa ni ile ya motokaa za zamani: Toyota Hilux na Hiace zenye injini za 2L na 3L, Land Cruiser yenye 1HZ, na nyingine nyingi zilizotembea barabara za Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1980. Umbo lake lilibuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani likaitwa VE, na Wajapani wakaliunda kwa viwanda vyao wenyewe. Ndani yake mna mchi mmoja wa chuma, ambao mafundi huuita planja, uzungukao na kwenda mbele na nyuma kwa wakati mmoja, ukigawa mafuta kwa silinda zote kama mama agawaye uji kwa watoto kwa zamu. Nafasi iliyoko kati ya mchi na kinu chake ni sehemu chache za elfu za milimita. Mchi na kinu husuguliwa pamoja mpaka vipatane, wala mchi wa kinu hiki hauwezi kutiwa katika kinu kile. Mchi huo huyasukuma mafuta kwenda kwenye nozeli kwa shinikizo lipitalo mara mia ya lile la hewa ya kawaida, na hayo hayo mafuta ndiyo yanayoulainisha, maana pampu ya namna hii haina oili yake.

Kabla ya pampu kama hizi dizeli haikuwa na mahali katika motokaa. Injini ya kwanza ya Rudolf Diesel iliyofaulu, mjini Augsburg mwaka 1897, ilipuliziwa mafuta kwa hewa iliyoshindiliwa, na mtambo wa kuishindilia hewa hiyo ulikuwa mzigo usiobebeka na gari dogo. Bosch ilianza kuunda pampu zake kwa wingi mwaka 1927, na mwaka 1936 Mercedes-Benz ikaonyesha 260 D, motokaa ya abiria ya dizeli. Kwa maneno mengine, chombo kinachotupwa jalalani kwa sababu ya pete ni kile kile kilichoifanya injini ya dizeli iwe ya barabarani. Kazi iliyomo ndani yake ni ya ustadi mkubwa, na mchi wake, ukilishwa dizeli safi, huishi maisha marefu kuliko mpira wowote uliouzunguka.

Mpira huo hufa kwa nini? Jibu la kwanza ni umri na joto, na hilo kila mtu alijua. Jibu la pili halisikiki sana, wala gereji wala darasani. Mpira uliotumiwa sana katika pampu za zamani, uitwao naitrili, hunywa baadhi ya vitu vilivyomo katika dizeli ukavimba kidogo, na uvimbe huo husaidia kuziba. Vitu hivyo, ambavyo wanakemia huviita aromatiki, hupungua kiwanda kinapoisafisha dizeli ili kuondoa salfa. Marekani iliteremsha salfa ya dizeli ya barabarani hadi sehemu 500 kwa milioni mwaka 1993, na papo hapo yakaja malalamiko ya pampu za zamani kuvuja. Pete mpya hazikusumbuka sana. Zilizosumbuka ni zile zilizozeeka ndani ya dizeli ya kale, zikavimba humo, zikakakamaa humo, kisha zikanyimwa walichozoea zikasinyaa. Nchi za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki nazo ziliteremsha kiwango chao hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia mwaka 2015. Jambo hilo lilikuwa jema kwa mapafu ya wakazi wa miji, wala halilaumiwi hapa. Lakini ni wenye Hilux wangapi walioelezwa kuwa mafuta yamebadilika, kwa hiyo pete za zamani zibadilishwe, na kuwa ziko pete za mpira wa aina ya Viton zisizojali mabadiliko hayo? Palipokosekana maelezo palibaki tamko lile lile la maneno mawili.

Sasa na aitwe shahidi, yaani uvujaji wenyewe. Kiswahili kina utajiri hapa ambao hakimu mwenye haraka hautumii. Kitu kinachovuja chaweza kutoa jasho, chaweza kutona, chaweza kuchuruzika, chaweza kufoka. Na katika pampu ya dizeli kila neno laelekeza mahali pake. Pampu itokayo jasho juu, pembezoni mwa mfuniko, yalalamikia gasketi ya mfuniko huo. Itonayo pale mkono wa eksileta unapotikiswa, na kunyamaza mkono unapotulia, pete ya ekseli ndogo ya mkono huo ndiyo iliyokwisha. Ichuruzikayo chini, upande wa nyuma, pale kichwa chenye mabomba kilipoungana na mwili wa pampu, yataka pete kubwa ya kichwa. Na ifokayo kwenye nati za mabomba ya kwenda kwenye nozeli ina nati iliyolegea au bomba lililopasuka, nayo isiguswe kwa kidole injini ikiwa inanguruma, kwa sababu mafuta yenye shinikizo hilo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake, dogo machoni, ni la kukimbilia hospitali.

Uko na uvujaji usioonekana. Sili ya mbele, ishikayo ekseli kuu ya pampu, imejificha nyuma ya kifuniko cha mkanda wa taimingi. Hiyo ikivuja, mafuta huulowesha mkanda, mpira wa mkanda huoza, na siku mkanda ukikatika au kuruka meno, vali na pistoni hukutana. Mtu aliyedharau matone kwa kuwa ni machache hulipa injini. Na uko tena uvujaji ulio kinyume, wa pampu isiyotoa mafuta bali inayoingiza hewa: motokaa ikilala, mafuta hurudi taratibu kwenye tangi lililo chini, hewa ikapenya pale pete ilipolegea, na asubuhi injini huzungushwa mpaka betri ichoke. Kipande cha bomba la plastiki lionyeshalo ndani, kikiungwa kwa muda kwenye njia ya kuingilia mafuta, huonyesha mapovu hayo kwa gharama isiyostahili kutajwa.

Lakini kabla ya yote hayo pampu ioshwe. Jambo hili ni dogo hata huona haya kuandikwa, na ndilo liachwalo mara nyingi kuliko yote. Pampu iliyovikwa matope na mafuta ya miaka haiwezi kutoa ushahidi wowote. Ioshwe kwa brashi, ikaushwe, ipakwe poda ya watoto, injini iwashwe, kisha mtu asubiri kwa subira ya mvuvi. Njia ya unyevu itajichora yenyewe juu ya weupe. Mara nyingine itaonekana kuwa mafuta hayakutoka katika pampu hata kidogo: yametoka katika vijibomba vya mpira vinavyorudisha mafuta ya ziada kutoka kwenye nozeli, yakateremka kwa kufuata bomba la chuma, yakajikusanya juu ya pampu. Pampu ilishitakiwa kwa sababu ilikutwa imelowa. Kwa kosa la kijibomba chenye urefu wa shubiri, mtu ameuza mbuzi wake.

Wanaotetea utupaji wana hoja, na haki ni hoja hizo zisikilizwe. Husema kuwa pampu iliyofunguliwa hurudi gereji baada ya mwezi mmoja. Ni kweli kwamba nyingi hurudi, na sababu yake yajulikana. Yuko fundi ambaye hazibi kwa pete. Huziba kwa gundi ya silikoni, ambayo dizeli huila, na vipande vyake vikimeguka ndani huingia katika vijia vyembamba kuliko unywele. Yuko mwingine ambaye dawa yake ya kila uvujaji ni kukaza. Hukaza bolti mpaka nyuzi zake zing'oke na mfuniko upinde, akaacha ufa mahali palipokuwa na jasho tu. Wote wawili hujiita watengenezaji, na wote wawili ndio mashahidi wakubwa wa upande wa utupaji. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi avunjaye koleo kila siku hulichafua jina la uhunzi kuliko adui yake yeyote.

Husema tena kuwa pete mpya haziponyi mchi uliolika. Hilo ni kweli tupu, na anayelikana hastahili kusikilizwa. Maji katika dizeli huutafuna mchi. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli hunyima ulainisho. Serikali zenyewe zilikiri ukubwa wa uovu huo, Tanzania ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 na Kenya ilipoweka ushuru maalumu juu yake mwaka 2018 ili kuwakomesha wachanganyaji. Pampu iliyolika namna hiyo ni mgonjwa kweli. Lakini ugonjwa wake una dalili zake, na dalili hizo si doa la chini ya motokaa. Pampu iliyoingiwa na hewa hukataa asubuhi, ikiwa baridi. Pampu iliyolika hukataa mchana, ikiwa moto, kwa sababu mafuta ya moto ni mepesi na hupenya kati ya mchi na kinu. Fundi mzee huimwagia pampu hiyo maji baridi, na ikiwaka baada ya kupoa, ameshajua. Mtu aliyeweza kutofautisha mambo haya mawili ameokoa ama fedha za pampu ama fedha za pete, na hiyo ndiyo elimu inayogombewa katika insha hii.

Hoja ambayo haisimami hata kwa fimbo ni ya wale wanaotupa pampu yao na kununua nyingine iliyotumika, iliyong'olewa katika motokaa iliyovunjwa ng'ambo. Pampu hiyo ina pete za umri ule ule. Tena imekaa kavu kontena na dukani kwa miezi, na pete zilizokauka husinyaa zaidi. Mnunuzi amelipa ili abadilishane ugonjwa anaoujua kwa ugonjwa asioujua, na muuzaji hutoa dhamana ya kauli tu, yenye kudumu mpaka motokaa ikate kona.

Kuhusu kazi yenyewe, mpaka uwekwe mahali pake, maana shauku ya kutengeneza isiyo na mpaka ni hatari kama uvivu wa kutupa. Pete ya mkono wa eksileta hubadilishwa pampu ikiwa mahali pake, na fundi yeyote mwangalifu. Ila mkono huo umevishwa juu ya ekseli yenye meno madogo. Mahali pake patiwe alama kabla haujavuliwa, kwa kuwa ukirudishwa jino moja pembeni injini ama itazimika ikiachwa, ama itapiga kelele bila ya kukanyagwa. Mfuniko wa juu usinyanyuliwe kwa pupa, kwa maana chini yake springi ya gavana imeshikamana na ekseli hiyo hiyo. Kichwa ni jambo jingine. Nyuma yake ziko springi, na vipande vyembamba vya kupimia vinavyoamua kiasi cha mafuta. Atakayekivua chote motokaa ikiwa uani, akavisikia vipande hivyo vikianguka, ameingia katika deni asilojua mwisho wake. Hapo pampu na ipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Na hata kuing'oa kuna adabu zake: alama kati ya mwili wa pampu na injini, uangalifu wa kile kipande cha chuma cha nusu mwezi kisidondoke ndani ya kifuniko cha mkanda, na wakati wa kurudisha, taimingi ipimwe kwa saa ya kupimia, maana mwendo wa mchi unaopimwa ni chini ya milimita moja. Pampu ikitangulia, injini hugonga kama mtu atwangaye mawe. Ikichelewa, hutoa moshi mweupe na kukosa nguvu mlimani. Kisha hewa itolewe kwa pampu ya mkono iliyoko kwenye chujio. Wapo waliotangaza kifo cha pampu iliyokwisha kupona kwa sababu walisahau hatua hii ya mwisho.

Kwa nini basi tamko la maneno mawili limeshinda? Kwa sehemu kubwa kwa sababu ya namna watu wanavyolipa. Hati ya malipo ya gereji ina mstari wa spea na mstari wa ufundi; uchunguzi hauna mstari. Fundi atakayetumia saa tatu kuosha, kukausha, kupaka poda na kungoja, kisha akasema kuwa kinachohitajiwa ni kijibomba cha shubiri moja, atalipwa kijibomba. Atakayetamka kifo kwa dakika moja atalipwa faida ya pampu. Wenye motokaa wamemzoeza fundi kuwa kufikiri ni bure, nao hushangaa kuwa hafikiri.

Na wasomi wana sehemu yao katika lawama hii. Imekuwa desturi kwao kusema kuwa Kiswahili hakijawa tayari kubeba ufundi wa mitambo, na ushahidi wao ni majina: gasketi, sili, nozeli, planja, gavana, yote yamekopwa. Lakini kamati zinazokaa kuhesabu majina yaliyokopwa zimesahau kusikiliza vitenzi. Gereji hukaza, hulegeza, huziba, huvua, huvisha. Pampu hunyonya, husukuma, huvuta hewa, hutona, hufoka. Injini hukohoa, hugonga, hukataa, hushika. Hapana hata kimoja kilichokopwa kwa Mzungu, na uchunguzi wote wa ugonjwa umo ndani ya vitenzi hivyo, kama ulivyoonekana katika jasho na mchuruziko. Hata neno bomba, ambalo kamusi hulipa maana mbili, la kisukumacho na la mrija, gereji imelitatua bila ya kuitisha mkutano: kisukumacho ni pampu, kipitishacho ni bomba. Mwanafunzi wa lugha atakayekaa siku tano kando ya fundi pampu, na daftari lake, atarudi na maarifa ambayo hayajaandikwa, na ambayo hupungua kila fundi mzee anapostaafu na mwanawe akachagua kuuza simu.

Imebaki hoja moja yenye uzito, ya dereva wa Hiace ambaye motokaa ikilala siku mbili, watoto wake nao hulala na njaa. Huyo hawezi kungoja poda ikauke. Kwa ajili yake iko desturi nzuri ambayo baadhi ya mafundi pampu tayari wanaifuata: humpa pampu iliyokwisha kufunguliwa, kuvishwa pete mpya na kupimwa kwenye mashine, naye huondoka jioni hiyo hiyo. Pampu yake inayovuja hubaki mezani. Asubuhi huoshwa, hufunguliwa, mchi wake hutazamwa chini ya taa, na ukionekana mzima, pampu huvishwa pete zake na kuwekwa rafuni, ikingoja Hiace nyingine.